Mtindo uwe kwenye skrubu, si kwenye zege: jibu kwa msomaji wa Rau, Moshi

SWALI: Habari za kazi, kaka. Tunajenga Rau, hapa Moshi. Nyumba imefika usawa wa linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na fundi anasubiri tumwambie jiko likae vipi. Chumba ni mita 3 kwa 4. Kila nikifungua simu naona jiko lisilo na ukuta, kisiwa cha kaunta katikati, makabati meupe yanayong'aa na topu (uso wa kaunta) ya kwatsi yenye mistari kama marumaru. Fundi anasema huo ndio mtindo wa sasa na ametupa bei ya makabati ya MDF, zile mbao za kiwandani. Baba watoto anataka mbao. Mama mkwe anasema jiko la kweli ni la nje. Fedha haitoshi kwa vyote. Kipi kitapita, kipi kitadumu, na tuanzie wapi?

JIBU: Salama dada, na hongera kwa kufika linta. Umeuliza kwa wakati wake, maana ukuta ambao haujabeba paa bado unajadilika.

Fundi wako yuko nyuma kidogo ya habari. Jiko jeupe tupu linalong'aa, huko lilikotoka limeshaanza kuaga. Kwa miaka kadhaa sasa wabunifu wa Ulaya na Marekani wamerudi kwenye mbao zinazoonyesha mishipa yake, rangi ya krimu, kahawia, kijani kilichofifia, nyuso zisizong'aa, na terazo. Ndiyo, terazo, ile ile ya sakafu za shule na ofisi za zamani tulizokuwa tukipiga deki. Nyumba yako ikichukua mwaka mmoja au miwili kuisha, kama zinavyochukua nyumba zetu wengi, utakuja kuzindua mtindo wa juzi kwa bei ya siku hiyo.

Sikukatazi kufuata mtindo. Mtu anayesimama jikoni asubuhi na jioni ana haki ya kulipenda jiko lake. Ila kabla hujatoa hata shilingi, ligawe jiko mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vinavyoshikwa na saruji: kuta, mabomba ya maji, njia ya gesi na umeme, tundu la moshi, kimo cha kaunta na sanduku la kabati. Fungu la pili ni vitu vinavyoshikwa na skrubu: milango ya makabati, vishikio, koki, taa, rafu. Fungu la kwanza lijibu mapishi yako. La pili lijibu macho yako, na macho yakichoka unaita fundi mwenye bisibisi. Hila ya zile picha ni kwamba uzuri unaokuvutia uko karibu wote kwenye fungu la pili, lakini wewe unashawishika kwenda kubomoa ukuta.

Basi tuanze na huo ukuta. Jiko la makabati ya kujengewa, hili tunaloliita la kisasa, lilizaliwa likiwa limefungwa. Mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4, na yakajengwa takribani 10,000. Chumba chako kinakaribia ukubwa wa majiko mawili ya aina hiyo. Jiko lile lilikuwa na mlango wa kuteleza wa kuelekea sebuleni, mpishi aone watoto bila kuwapelekea harufu ya vitunguu. Kuondoa ukuta wote ni mambo ya baadaye. Na waliouondoa sasa wanafanya nini? Wenye uwezo wanajenga jiko la pili, dogo, nyuma ya lile la wageni, ili kukaanga na kuosha vyombo kufanyike huko na la mbele libaki safi. Mwonyeshe mama mkwe habari hiyo. Atacheka sana.

Hoja yake ina uzito zaidi kwa sababu ya Desemba. Wewe unaijua Desemba ya Kilimanjaro kuliko mimi niliyehamia huku Arusha: ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na nyumba ya watu watano inalisha thelathini. Sufuria ya mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, ya siku hizo haiwezi kukaa juu ya jiko la gesi lenye uso wa kioo. Siyo uzito tu. Sufuria yenye kitako kipana hurudisha moto chini, kioo kinapata joto ambalo hakikutengenezewa, na kikipasuka kinapasuka chote kwa mpigo. Kwa hiyo jengeni jiko la nje, lakini la kawaida kabisa: paa la bati, kuta mbili au tatu, kaunta ya zege, sinki moja pana lenye kina, koki imara, na sehemu ya jiko kubwa la gesi la chini. Kama kuni zitakuwepo, ziwe kwenye jiko banifu lenye bomba la moshi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hakuna sababu ya kujenga leo jiko ambalo haliwezi kupokea mtungi.

Jiko la nje likiwepo, la ndani linapata uhuru wa kufunguka kidogo. Sikushauri uondoe ukuta wote wala uuache wote. Mwambie fundi amwage linta ndefu, ya mita 2 hivi, juu ya ukuta ule unaotazama sebule, na chini yake aache uwazi kuanzia usawa wa kaunta. Unapata kidirisha kipana cha kupitishia chakula, watoto unawaona, na baadaye ukitaka unaweka vioo vya kuteleza. Ukija kuchukia uwazi huo, unajaza tofali na plasta. Lakini ukijenga ukuta mzima leo na kutaka kuufungua baada ya kuezeka, hapo utamwita fundi wa zege, si wa tofali, na bei utaisikia.

Kuhusu kisiwa, hesabu yenyewe inajibu. Kaunta ya ukutani ina kina cha sentimita 60. Njia ya kupita watu wawili bila kupigana vikumbo inataka walau mita 1 kila upande wa kisiwa. Kwenye upana wa mita 3, toa 60, toa 100, toa 100. Zinabaki sentimita 40. Hilo ni benchi. Badala yake tengenezeni meza nzito ya mbao yenye magurudumu yanayofungwa, mmenyee ndizi hapo, na siku ya wageni isukumwe ukutani.

Sasa topu, ambako ndiko nionako fedha nyingi zikizama. Moshi kuna adui ambaye wapiga picha wa majiko ya simu hawamjui kabisa: utomvu wa ndizi. Menya ndizi mbichi za machalari juu ya kitu cheupe, uache utomvu ukauke, utabaki na baka la kahawia linalokaribia weusi. Weka na binzari manjano, ukwaju, limao, nyanya, karai la moto. Kila jiwe lina lake linaloliogopa, na kazi yako ni kuchagua jiwe ambalo hofu yake haimo kwenye mapishi yako.

Marumaru halisi, nikimaanisha jiwe lenyewe na si tailizi, ni kalsiamu kaboneti. Tindikali ya limao inalila. Hata ukifuta upesi, pale lilipodondoka panabaki pamefifia, na hakuna sabuni ya kuparudisha. Kwa nyumba inayokamua limao kila siku, hapana. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, kwa hiyo imerithi udhaifu huo. Ninaipenda sana sakafuni, na mafundi wa kuisaga bado wapo mjini, na ikichakaa inasagwa upya ikarudi mpya. Kwenye topu nampa mtu mvumilivu tu.

Kwatsi ya kiwandani ni chenga za jiwe, kwa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya uzito, zilizoshikwa kwa resini, ambayo ni aina ya plastiki. Haina vinyweleo, limao hailijali, haihitaji dawa. Ndiyo maana imependwa. Tatizo ni hiyo resini. Ikifika nyuzi joto 150 hivi inaanza kuharibika: uso unageuka njano au kupasuka. Maji yanayochemka hayafiki huko, kwa hiyo sufuria ya mtori ukiisahau juu yake huenda ukasamehewa. Mafuta ya maandazi yanafika 180. Hayasamehi. Jua nalo huigeuza rangi polepole, kwa hiyo kwenye jiko la nje usiifikirie kabisa.

Kuna jambo jingine la kwatsi ambalo muuzaji hakuambii kwa sababu halimpati mnunuzi, linampata fundi. Ikikatwa kavu kwa grainda hutoa vumbi jembamba la silika, lile lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji wa tanzanaiti kule Mererani. Australia, baada ya vijana wengi wakataji kuugua, ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga jiwe hili la kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kwetu linauzwa na sikwambii ni haramu. Lakini jiwe lolote, hata graniti ambayo nayo ina silika ingawa pungufu kuliko kwatsi, likatwe kwa maji, fundi akiwa amevaa barakoa ya vumbi na si kitambaa cha fulana. Na lisikatwe ndani ya nyumba ambayo watoto wako watalala.

Mimi nakushauri graniti. Najua kuna watakaosema imepitwa. Iliyopitwa ni ile nyekundu yenye mabaka iliyosuguliwa mpaka unajiona usoni. Graniti hiyo hiyo sasa inapatikana ikiwa imesuguliwa bila kung'arishwa, au imepigwa brashi mpaka inashikika kama ngozi, na hapo umeingia kwenye mtindo bila kuacha jiwe linalostahimili karai, limao na kisu. Chagua rangi ya katikati yenye chembechembe, kijivu au kahawia. Utomvu ukiacha baka, wageni hawataliona. Weusi mtupu usioakisi mwanga ni mzuri dukani, ila kwa vumbi la Januari la Moshi na unga wa ugali utakuwa unafuta siku nzima.

Ukienda kwenye yadi ya mawe, beba limao na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Omba kipande kilichobaki cha jiwe lile lile. Kamulia limao, subiri robo saa, futa. Pakififia, umeuziwa jiwe lenye chokaa kwa jina la graniti. Kwa jiwe jeusi, lowesha pamba kwa ile dawa ya kucha usugue: pamba ikitoka nyeusi, jiwe limepakwa rangi, na baada ya miezi ya sabuni na limao litakuwa na madoa ya kijivu. Muuzaji akikataa majaribio, asante, twende yadi nyingine. Jiwe likishafungwa, lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo. Muda wa kurudia utaujua kwa tone la maji: ukiliacha dakika kumi na chini yake jiwe likaonekana limelowa, wakati umefika.

Zipo pia sleb kubwa za poseleni, udongo mgumu kama wa tailizi, zinazochomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,200. Moto haziogopi, ila kingo zake humeguka na zinataka mkataji aliyezizoea. Zipite kwa sasa. Na ile fasheni ya kupandisha jiwe la topu mpaka ukutani, nyuma ya jiko, ni nzuri lakini inakula sleb nyingine nzima. Tailizi nyeupe ndogo za sentimita 7.5 kwa 15 ziliwekwa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi New York mwaka 1904 na hadi leo hakuna aliyezichoka. Panga wima badala ya mlalo ukitaka kuonekana wa sasa. Grauti, ile saruji ya kujazia mianya ya tailizi, tu isiwe nyeupe: binzari ikishaingia haitoki. Tumia ya kijivu, na nyuma ya jiko tumia ya epoksi kama mfuko unaruhusu.

Topu ina uzito, na hapa tunaingia kwenye ugomvi wa MDF na mbao. Graniti ya milimita 20 ina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita 3 inabeba karibu kilo 100 kabla hujaweka hata kijiko. Swali la kwanza si mlango wa kabati ni wa nini. Ni nani anabeba.

MDF ni nyuzi fupi za mbao zilizogandamizwa na gundi. Ina uso laini usio na mafundo, inapokea rangi vizuri kuliko mbao, na kwa mlango wa kupakwa rangi sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza chini. Sisi tunasafisha jiko kwa ndoo: maji yanamwagwa, yanasukumwa kwa mpira mpaka mlangoni. Wenye picha za simu hawafanyi hivyo. Mguu wa MDF uliogusa maji hayo kila siku hunywa, huvimba, na skrubu zinalegea kwa sababu hakuna nyuzi ndefu za kuzishika. Ikishavimba hairudi. Pale chini ya sinki ndipo hufa kwanza. Mwombe fundi kipande cha ile MDF aliyokupigia bei, pima unene wake kwa rula, kitumbukize kwenye ndoo usiku kucha, pima tena asubuhi. Fanya hivyo na kipande cha plaiwudi ya marine, ile ya kustahimili maji, pembeni yake. Hutahitaji ushauri wangu tena kwenye hilo. Ukinunua MDF, tafuta yenye alama ya E1, maana gundi yake hutoa fomaldehaidi, na E1 ni kiwango cha kutoa kidogo.

Ningelijenga sanduku lako hivi. Chini kabisa, kibaraza cha zege cha sentimita 10 kilichovalishwa tailizi, kimeingia ndani kidogo ili vidole vya miguu vipate pa kukaa. Maji ya deki yaishie hapo. Juu yake kuta nyembamba za tofali kila baada ya mita moja hivi, zipigwe plasta safi, zibebe sleb nyembamba ya zege na juu yake graniti. Mafundi wetu wanaijua kazi hii, mchwa hawaili, maji hayaivimbishi. Kosa linalofanyika ni kuta kutokuwa timazi, halafu seremala anahangaika na milango inayogoma. Simama na pima maji wakati tofali linapanda. Makabati ya juu, ambayo hayaguswi na maji, yawe plaiwudi, hata MDF nzuri, na yafike darini. Huo ndio mtindo wa sasa na kwa mara moja mtindo unakubaliana na mazingira yetu, kwa kuwa juu ya kabati fupi hujaa vumbi lenye mafuta ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka Pasaka.

Baba watoto na mbao zake apate milango. Mbao ndizo zinarudi kwenye mtindo, kwa hiyo kwa hili amewapita wote. Mninga ni mzuri kwa sababu ukishakauka haupanuki wala kusinyaa sana, ila bei yake unaijua. Kwa mtu wa Kilimanjaro ningetazama kwanza mgravilea, ule mti wa kivuli unaopandwa kwenye vihamba kati ya kahawa na migomba. Mbao yake ina madoadoa ya kupendeza, na huenda babu wa watoto ana miti miwili ya kuvunwa. Sharti ni ukavu. Mbao ya inchi moja iliyopangwa kivulini na vijiti katikati inataka karibu mwaka. Nyumba yako iko linta, kwa hiyo mwaka mnao: pasueni sasa. Na milango isiwe ubao mzima, iwe fremu yenye paneli inayocheza ndani yake, la sivyo Aprili inajaa na Septemba inaachia. Ipake vanishi isiyong'aa pande zote mbili, hata mgongo usioonekana.

Alumini na alukobondi, zile paneli za alumini zenye plastiki katikati, zimeshika kasi, na sizidharau. Haziozi, mchwa hawana la kufanya. Kelele zake tu na ubaridi wa macho. Ziwekeni kwenye jiko la nje.

Ambacho ningetamani uchukue kwenye mtindo mpya bila kusita ni droo. Chini ya kaunta, badala ya milango yenye pango la giza nyuma yake, weka droo pana na ndefu za sufuria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, lakini hawakuwa na reli za droo. Hapa usibane fedha: chukua reli zinazotoka mpaka mwisho na zilizoandikwa kubeba kilo 30 au zaidi, kwa sababu sufuria zikipangwa na mfuniko ni nzito kuliko unavyodhani. Bawaba za kujifunga taratibu nazo zina thamani yake kwenye nyumba yenye watoto.

Milango yenye mifereji, ile inayoonekana kila mahali sasa, iache. Kila mfereji ni makazi ya vumbi na mafuta. Milango isiyo na vishikio nayo ni ya mtu asiyeshika unga: ukiwa na mikono yenye ugali utaifungua kwa kiwiko. Vishikio vya shaba iliyofifia au vyeusi ni vya bei ndogo, na ni skrubu mbili. Hapo ndipo pa kujimwaga na fasheni. Rangi vilevile: kijani cha chini na krimu ya juu vinapendeza na mbao, na ukuta wa jikoni unapakwa upya Jumamosi moja.

Moshi na gesi nitasema kwa kifupi lakini usivipite. Mashine nyingi za kuvuta moshi zinazofungwa mijini hazijaunganishwa na bomba la kutoka nje. Zinachuja kidogo na kukurudishia harufu usoni. Mwambie fundi aache tundu la sentimita 15 ukutani juu ya sehemu ya jiko, leo, kabla ya plasta. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya. Kwa sababu hiyo mtungi usikae kabatini ndani. Ukae nje kwenye kizimba chenye kivuli na matundu chini, bomba la shaba lipite ukutani, na jikoni pawepo tundu la hewa karibu na sakafu pamoja na dirisha. Majiko ya umeme ya indaksheni ni mtindo unaokuja na ni mazuri, ila yanafanya kazi kwa sumaku: sufuria zetu za alumini hayazitambui kabisa. Shika sumaku ya friji, ipitishe kwenye sufuria zako. Isiposhika, ujue jiko hilo linakuja na gharama ya vyombo vipya. Hata hivyo acha njia ya waya mnene kwa ajili yake, huwezi kujua miaka kumi ijayo.

Wasomaji wa upande wangu wa Arusha nao wasikilize moja. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na kuyachemsha hakuiondoi, kunaiongeza kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki. Anayejenga Ngaramtoni au Usa River aache nafasi chini ya sinki, na soketi, kwa ajili ya chujio la kuiondoa, na koki ndogo ya pili ya maji ya kunywa. Ni sentimita chache tu ambazo wachora majiko ya mtandaoni hawawezi kuzikumbuka.

Kimo cha kaunta cha kawaida ni sentimita 90. Hicho ni cha mtu wa wastani asiyesonga ugali. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kiwiko, kisha toa sentimita 10 mpaka 15: hapo ndipo pa kukatia na kuoshea. Sehemu ya jiko la moto ishuke zaidi, sentimita 75 au 80, maana juu yake kuna sufuria, na mwiko unasukumwa kwa bega, si kwa vidole. Kushusha kipande hicho kwenye tofali hakuongezi hata mfuko wa saruji.

Umeuliza muanzie wapi. Wiki hii: linta ndefu, tundu la moshi, tundu la bomba la gesi, tundu la hewa la chini, na mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya, moja la jiko la umeme, moja la friji, mawili ya soketi za juu ya kaunta na moja la taa za chini ya makabati ya juu. Mwezi ujao: kaunta ya zege, ndani na nje, na mbao zipasuliwe zianze kukauka. Graniti inunuliwe nyumba ikishaezekwa na kuta zikishapigwa plasta, vipimo vichukuliwe juu ya kaunta iliyopo na si kwenye ramani. Milango ije mwisho. Mkiishiwa fedha kabla ya milango, wekeni mapazia kwenye kaunta za zege mhamie, mpike. Bei ya milango ya MDF aliyokupa fundi ikunje uiweke, utamjibu mbao zikikauka.